Je, Wajua? Popo, Kahawa na Ubia wa Sayansi Ngara na Biharamulo

Mtajie mtu wa Ngara ubia wa Serikali na sekta binafsi, na kabla hujamaliza atakuwa ameshafika Kabanga. Ana haki yake. Tangu Januari 2021 Serikali ina hisa 16 kwa mia katika Tembo Nickel, kampuni iliyoundwa kuchimba nikeli ya huko. Lakini ubia uliowafikia watu wengi zaidi Ngara na Biharamulo hauchimbwi. Umo kwenye chandarua, kwenye pakiti ya dawa mseto, kwenye mche wa mbuni na kwenye jicho la kuku. Tuanze na ule uliozaliwa na hofu.

Je, wajua kwamba virusi vya Marburg viligunduliwa kupitia kiwanda cha chanjo? Mwaka 1967 wafanyakazi wa kampuni ya Behringwerke katika mji wa Marburg, Ujerumani, waliugua homa kali isiyojulikana. Walikuwa wakishughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda, ambao figo zao zilitumika kuotesha seli za kutengenezea chanjo. Frankfurt na Belgrade nako wakaugua. Jumla yao ni watu 31, wakafa 7. Kwa hiyo viwanda vya dawa na ugonjwa huu vimefahamiana tangu siku ya kwanza, ingawa mpaka sasa hakuna chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida.

Je, wajua Biharamulo iliingia katika historia ya ugonjwa huo tarehe 20 Januari 2025? Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko akiwa Dodoma, pembeni yake akiwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus. Siku chache kabla, majibu ya sampuli za mwanzo yalikuwa hasi, na watu wengi walidhani mambo yameisha. Hayakuwa yameisha. Sampuli nyingine ilipimwa katika maabara tembezi ya Kabyaile, humohumo mkoani Kagera, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam.

Hesabu ya mwisho: wawili waliothibitishwa kwa vipimo, wanane waliohesabiwa kuwa huenda waliugua, na wote kumi walifariki. Watu 281 waliokutana nao waliorodheshwa na kufuatiliwa. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa alifariki tarehe 28 Januari, na tarehe 13 Machi Wizara ya Afya ikatangaza kwamba mlipuko umekwisha.

Kwa nini wasubiri mpaka Machi? Kwa sababu virusi hivi vinaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla dalili hazijaonekana. Desturi ni kuhesabu vipindi viwili, yaani siku 42, bila mgonjwa mpya. Hapo ndipo mtu anaruhusiwa kushusha pumzi.

Na hili je, unalijua? Jirani zetu wa Rwanda walipatwa na Marburg miezi michache kabla ya Biharamulo, Septemba 2024. Waliugua watu 66 na kufa 15, idadi ndogo ya vifo kwa ugonjwa ambao katika milipuko mingine umewahi kuondoka na zaidi ya wanane katika kila kumi. Ndani ya siku tisa baada ya mlipuko kutangazwa, dozi 700 hivi za chanjo ya majaribio zilikuwa zimetua Kigali. Haraka hiyo haikutokea kwa bahati. Kazi ya awali ya chanjo hiyo ilifanywa na taasisi za utafiti za Serikali ya Marekani pamoja na kampuni iliyokuja kununuliwa na kampuni ya dawa ya GSK. GSK ikakabidhi haki zake kwa Taasisi ya Sabin mwaka 2019, Sabin wakapata fedha za Serikali ya Marekani, na kiwanda cha ReiThera cha Italia kikatengeneza. Yaani mikono ya umma na ya binafsi ilikuwa imeshapokezana mzigo miaka mingi kabla mtu yeyote Kigali hajapandwa na homa. Anayedhani ubia unaweza kuanzishwa siku ya mlipuko aitazame ratiba hiyo vizuri.

Je, wajua kutoka daraja la Rusumo, wilayani Ngara, hadi Kigali ni kilomita zipatazo 160 tu? Na je, wajua kampuni ya BioNTech ilizindua jengo la kiwanda chake cha chanjo jijini humo Desemba 2023? Vyumba vyake vya uzalishaji vilisafirishwa kutoka Ulaya vikiwa makontena yaliyokwisha kufungwa mitambo. Kampuni hiyo iliyaonesha kwa mara ya kwanza mwaka 2022, katika mji gani? Marburg. Dunia ni ndogo kuliko tunavyoambiwa.

Je, wajua popo wa matunda anayehifadhi virusi hivyo hupenda mapango na mashimo ya migodi? Uganda mwaka 2007 waliougua walikuwa wachimbaji wa mgodi wa Kitaka. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Biharamulo wana sababu ya kulisikia hilo mara mbili. Ila usikimbilie kuchoma popo pangoni. Katika mgodi huo wa Kitaka popo waliangamizwa, na watafiti waliporudi baadaye wakakuta waliohamia upya wana maambukizi mengi kuliko wale wa kwanza.

Tuyaache magonjwa ya kutisha, tuje kwa yale tuliyoyazoea hadi tukayadharau.

Je, wajua damu yako inaweza kusafiri hadi Dar es Salaam bila barafu? Mhudumu anachoma ncha ya kidole, anadondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia, doa la ukubwa wa kifungo cha shati. Linaachwa likauke kivulini, nzi wasilifikie, kisha karatasi inatiwa kwenye kifuko chenye punje za kunyonya unyevu. Tone hilo lililokauka linatosha kwa wataalamu kusoma vinasaba vya kimelea cha malaria. Ndivyo ulivyofanya kazi mradi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, uliokuwa ukifuatilia vinasaba vya malaria nchini kwa ufadhili wa Taasisi ya Gates.

Na walichokikuta Kagera kiliwatoa usingizini. Vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H, linalovifanya vichelewe kufa mbele ya dawa ya artemisini, vilikuwa vimevuka mpaka. Badiliko hilo lilikwisha kuonekana Rwanda katika sampuli za mwaka 2014. Katika sampuli za Kagera za mwaka 2021, Karagwe ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 22.8, Kyerwa ikafuata. Ngara lilikuwepo, ila kwa uchache sana. Usiogope kupita kiasi: majaribio ya Karagwe ya mwaka 2022 yalionesha kwamba dawa mseto bado inaponya, ila vimelea vinachukua muda mrefu zaidi kusafika kwenye damu. Ndiyo maana vidonge 24 vya mtu mzima, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, vimezwe vyote. Anayeacha vinane kabatini "kwa homa nyingine" anavipa vimelea mazoezi.

Je, wajua dawa mseto hiyo nayo ni mtoto wa ubia? Artemisini ilipatikana China katika mradi wa Serikali, na Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Kampuni ya Novartis ikashirikiana na Wachina kuitengeneza pamoja na lumefantrini, na mwaka 2001 ikakubaliana na Shirika la Afya Duniani kuiuzia sekta ya umma ya nchi zenye malaria bila faida. Tanzania ikaanza kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa 2006. Tayari mrithi anaandaliwa. Novemba 2025 Novartis na shirika la MMV, lililoanzishwa 1999 kwa kuunganisha fedha za umma na za wafadhili, walitangaza matokeo ya dawa mpya ya ganaplasidi na lumefantrini iliyojaribiwa katika nchi 12 za Afrika. Iliponya asilimia 97.4.

Je, wajua chandarua chako huenda kimefumwa Arusha? Kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani. Mjapani alitoa ujuzi, mfuko wa Acumen ukatoa mkopo, na mashirika ya umma ya kimataifa yakanunua. Dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, haikupakwa juu, ndiyo maana kufua hakuiondoi mara moja.

Je, wajua jirani wa Biharamulo aliwahi kubadili mwongozo wa dunia nzima? Muleba ilianza kupuliziwa dawa majumbani mwaka 2007, na baada ya miaka michache mbu wakawa sugu. Ndipo watafiti wa NIMR, KCMC na Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London wakagawa vijiji katika makundi 48 na kulinganisha chandarua cha kawaida na kile kilichoongezwa PBO, kemikali inayomvunja mbu kinga yake. Miezi tisa baadaye, watoto wenye vimelea kwenye kundi la chandarua cha kawaida walikuwa 42 kwa mia, kwenye kundi la PBO 29 kwa mia. Shirika la Afya Duniani likavipa vyandarua vya PBO kibali mwaka 2017, kwa kutegemea ushahidi wa vijiji vya Kagera. Sijaona bango lolote Muleba linalolisema hilo. Lingekuwepo la timu ya mpira.

Fupi: kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia vya kuua viluwiluwi vya mbu kiko Kibaha, kimejengwa na Shirika la Maendeleo la Taifa kwa teknolojia ya Labiofam ya Cuba. Kilizinduliwa 2015. Changamoto yake ya miaka mingi imekuwa wanunuzi, na wanunuzi hao ni halmashauri zetu.

Je, wajua wakulima wa kahawa wanamiliki taasisi ya utafiti? Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mnyauko fuzari wa kahawa ulipobisha hodi Kagera mwaka 1997, mibuni ya robusta ilianza kukauka tawi baada ya tawi, mti mzima ukisimama na majani ya kahawia kana kwamba umepitiwa na moto. Utafiti wa kahawa ulikuwa mikononi mwa Serikali, na fungu lilikuwa dogo. Mwaka 2000 ikaundwa TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, kama kampuni isiyogawana faida, chini ya wadau wa zao wenyewe. Serikali ikatoa vituo na watumishi, Umoja wa Ulaya ukachangia, na sehemu ya makato ya kahawa inayouzwa ikaelekezwa kwenye utafiti. Makao makuu yako Lyamungo, Kilimanjaro, na kituo kidogo kiko Maruku, nje kidogo ya Bukoba. Mwaka 2011 zikatolewa aina nne za robusta zinazohimili mnyauko: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

Tazama majina hayo. Hakuna Ngara 1, wala Biharamulo 1. Ngara inalima kahawa na inakatwa kama wengine wote. Mkulima wa Kanazi au Rulenge anayelalamikia makato ana haki ya kuuliza swali linalofuata: bustani ya miche iko wapi, na mwaka huu imetoa mingapi?

Je, wajua migomba mingi iliyofanyiwa maboresho Kagera ilipitia Ubelgiji? Hazina ya dunia ya aina za migomba iko katika Chuo Kikuu cha Leuven, ikitunzwa kama vichipukizi ndani ya chupa. Miaka ya 1990 mradi wa maendeleo wa Kagera uliofadhiliwa na Ubelgiji ulileta miche kutoka huko, zikiwemo FHIA 17, FHIA 23 na Yangambi Km 5, ikazidishwa mashambani na kugawiwa. Wazee walionja wakanung'unika kwamba haifikii matoke ya asili. Wauzaji hawakununa hata kidogo: mkungu wa FHIA ni mzigo wa watu wawili.

Kisha ukaja mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa Kagera mwaka 2006. Huu hauna dawa ya kupuliza. Kata ndizi ya mgomba ulioambukizwa, utaiona imeiva kabla ya wakati na ndani ina kutu. Kata shina, na baada ya dakika chache usaha wa njano utachuruzika. Wadudu huubeba kupitia ua dume linaloning'inia mwisho wa mkungu, kwa hiyo linavunjwa mapema kwa kijiti chenye panda. Si kwa panga, maana panga ndilo gari la ugonjwa: likitoka kwenye mgomba mgonjwa bila kupitishwa motoni au kwenye maji ya jiki, linaambukiza shamba zima kwa asubuhi moja. Sayansi hii haihitaji mwekezaji. Inahitaji kijiti, na jirani anayekubali naye kutumia kijiti.

Aina mpya za migomba za TARIBAN, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, mwaka 2021, zilitokana na uzalishaji wa mbegu chotara uliofanywa na watafiti wa Uganda na wa taasisi ya kimataifa ya IITA. Kinachosubiriwa ni wazidishaji binafsi wa miche safi walio karibu na mkulima. Mche wa chupa ukisafirishwa kutoka mbali, bei yake inampita mwenye shamba la robo ekari.

Je, wajua kuku wako anaweza kuchanjwa kwa tone moja jichoni? Chanjo ya kideri ya I-2, ambayo hapa nchini hutengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari kwa jina la TEMEVAC, ilitokana na utafiti wa Australia uliolenga vijiji visivyo na friji. Inastahimili joto kwa siku kadhaa. Rudia kila miezi mitatu. Kampeni ya kitaifa ya chanjo za mifugo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 ilibeba gharama yote ya kuku, na sehemu ya gharama ya ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Je, wajua ndigana kali ina chanjo inayodumu maisha yote ya ng'ombe? Iliandaliwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Ng'ombe anachomwa vimelea hai, na papo hapo anachomwa antibayotiki ya muda mrefu ili augue kidogo tu, kisha apate kinga. Dozi huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, jambo linaloifanya isambazwe na madaktari wa mifugo binafsi wenye mitungi maalumu. Wafugaji wa Kaskazini wamekuwa wakiilipia wenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ng'ombe aliyechanjwa huvishwa hereni, na mnadani hereni hiyo humpandisha bei.

Mbung'o wanaoeneza malale je? Bado wapo katika Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyotangazwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Kwa malale makali ya Afrika Mashariki, wagonjwa waliochelewa walitibiwa miaka mingi kwa dawa yenye asili ya sumu ya aseniki, ambayo yenyewe iliua karibu mmoja katika kila ishirini. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni chanya juu ya feksinidazoli, vidonge vya kumeza, kwa aina hii ya malale pia. Viliandaliwa na shirika la DNDi pamoja na kampuni ya Sanofi, na kujaribiwa Malawi na Uganda.

Je, wajua kampuni ya soda imewahi kuifundisha Bohari ya Dawa? Mtu aliuliza swali la haki: kwa nini soda inafika Murusagamba na dawa haifiki? Tangu 2010 Coca-Cola, Mfuko wa Dunia na Taasisi ya Gates walishirikiana na Bohari hiyo kupanga upya njia za usambazaji, ili mzigo ufikishwe moja kwa moja kwenye zahanati badala ya kuishia wilayani. Na Duka la Dawa Muhimu la mtaani kwako ni matunda ya majaribio ya Ruvuma ya mwaka 2003, yaliyogeuza maduka ya dawa baridi kuwa yenye wauzaji waliofunzwa na kukaguliwa.

Je, wajua ubia wa zamani zaidi katika wilaya hizi ni wa makanisa? Hospitali ya Murgwanza, Ngara, ni ya Waanglikana. Hospitali Teule ya Biharamulo ni ya Wakatoliki. Neno "teule" maana yake Serikali imekubali itoe huduma za hospitali ya wilaya, nayo inachangia watumishi na ruzuku. Ruzuku ikichelewa, mgonjwa hajui ni mkono upi umechelewa. Anachojua ni kwamba ameambiwa akanunue glovu nje.

Je, wajua ukipiga 115 mjamzito mwenye dharura anaweza kuchukuliwa na gari la mtu binafsi na dereva akalipwa kwa simu? Huo ni mfumo wa m-mama, wa Serikali na Taasisi ya Vodafone, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022.

Na umeme? Umeme wa mradi wa Rusumo wa megawati 80 unagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Friji ya chanjo haina siasa, inataka waya.

Sasa jumlisha mwenyewe. Damu ya Karagwe, mbu wa Muleba, mlipuko wa Biharamulo, mibuni ya Maruku: Kagera imeipa sayansi ya dunia mengi. Viwanda viko Kibaha, Arusha na Kigali. Sheria ya Ubia ipo tangu 2010 na ikafanyiwa marekebisho 2023, na hakuna kifungu kinachosema ni ya barabara na bandari peke yake. Maabara ndogo ya miche ya migomba na mihogo, ikimilikiwa na halmashauri pamoja na vyama vya ushirika, si ndoto ya mwendawazimu. Diwani wako akija kuomba kura tena, muulize juu ya hiyo kabla hujamuuliza juu ya nikeli.

Na ukiona mtu mwenye homa kali, kutapika, kuharisha au kutokwa damu, usimguse kwa mikono mitupu wala usimpeleke kwa mganga wa kienyeji. Piga 199. Haina malipo.